Magamba Aligeukia Kushoto

Mkonze, Dodoma
Jumapili jioni

Mpendwa Admin,

Naomba ufiche jina langu. La marehemu kaka yangu liache, akina Elia ni wengi.

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, nimeishia darasa la saba na nashona nguo hapa Mkonze. Nyumbani ni kijijini, Chemba. Jumamosi ijayo tunakwenda kujengea kaburi la Elia, aliyefariki akiwa na miaka kumi na minne, na ukoo umenipanga nisome wasifu wake. Naandika, nachana.

Niwaeleze tangu mwanzo. Ilikuwa miaka ile vitu vya nje vilipoanza kujaa minadani na mashirika yakawa yanapunguza watu. Baba alipopunguzwa kazi hapa mjini alitununulia zawadi ya mwisho kutoka kwenye rundo la mitumba: mashine ya mchezo ya kushika mkononi, ya kijivu, yenye maandishi ya Kijapani. Kisha akatupeleka sisi na mama kijijini kwa kaka yake, baba mkubwa, na yeye baba akaenda mbali kutafuta kibarua.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukamata viumbe wa porini na kuwalea. Hatukuweza kusoma hata neno moja. Elia alikamata wengi akawaachia, akabaki na mmoja mwenye magamba mgongoni na mkia mrefu, ambaye akiogopa hujikunja kama mpira. Tukamwita Magamba. Ukibonyeza kushoto anakwenda kushoto, ukibonyeza kulia anakwenda kulia, ukimwacha anakaa tu anapepesa macho. Betri zikichoka Elia alizianika juu ya bati. Na hakunipa zamu yangu mpaka nimwamkie Magamba shikamoo. "Mkubwa wako huyu," alisema, "amekuja toka Japani."

Sasa Magamba alifanana sana na kakakuona. Kwetu kakakuona akionekana watu hukusanyika, anawekewa mahindi, maji na mkuki, na kule anakoelekea ndiko mwaka utakakokwenda: shibe, mvua au vita. Sisi tulimwonyesha baba mkubwa ili acheke. Hakucheka. Alivua kofia.

Wakati wa mavuno Elia akaanza kuumwa tumbo upande wa kulia, anatapika, hawezi kunyooka. Mganga wa zahanati akasema apelekwe hospitali mjini upesi. Ng'ombe wa kuuza alikuwa mmoja tu, na baba alimwacha kwa ajili ya sekondari yangu, kwa kuwa Elia alishafeli la saba. Mama akasema ng'ombe auzwe siku ileile. Baba mkubwa akasema jambo zito haliamuliwi kwa pupa, kakakuona wa kwenye mashine aulizwe kwanza.

Wanawake hawakuitwa, mama alibaki jikoni. Mimi niliingia kwa sababu nilitumwa maji. Elia alikuwa amelala kwenye ngozi, mashine mikononi, maana ndiye mwenye nayo. Upande wake wa kulia wakaweka viatu vyake, yaani safari. Kushoto wakaweka jiwe la mafiga, yaani abaki nyumbani atibiwe kwa mizizi. Wazee wa ukoo wakainamia kioo. Nikaona kidole gumba cha kaka yangu kikibonyeza kushoto. Magamba akaenda kushoto mpaka ukingoni mwa kioo.

Nikasema, "Baba mkubwa, ni Elia anamwendesha. Akiachwa haendi popote."

Baba mkubwa akawageukia wenzake. "Mnamwona bwana nyama wetu, mjuzi wa wanyama pori? Yuko darasa la sita huyo." Wakacheka, nikatolewa nje.

Asubuhi nilimpelekea Elia uji, nikamuuliza kwa nini. Aliongea polepole. "Ng'ombe ni wako wewe. Mimi nitapona tu, huwa napona."

Nilirudi kwa baba mkubwa nikamweleza maneno hayo kama yalivyo. Alinishika sikio, akasema nikimpelekea mama hadithi hizo nitafute pa kulala. Elia alipozidiwa ndipo wakahangaika, wakapata lori la mbuzi. Alifia njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa mama.

Yule ng'ombe alichinjwa kulisha waombolezaji. Sekondari sikwenda.

Siku ya mazishi mama alinifuta machozi kwa kanga yake, akasema ishara ilikwisha kuonekana, hata tungempeleka angeondoka. Ameishi kwa neno hilo miaka yote hii. Sasa amezeeka, presha inamsumbua, na neno hilo ndilo linalompa usingizi.

Baba mkubwa bado yupo, ndiye mkubwa wa ukoo, na kila mgeni husimuliwa jinsi kakakuona alivyoonyesha. Juzi amenipigia simu akiwa na furaha: fundi atamchora Magamba kwenye saruji ya kaburi, na nisisahau kuitaja ishara kwenye wasifu. Nikamuuliza kama anakumbuka nilichomwambia siku ile.

"Nakumbuka," akasema. "Ndiyo maana nataka uusome wewe."

Tangu hapo mkono hauendi kwenye cherehani. Nikisoma wanavyotaka, nitakuwa nimesimama mbele ya kaka yangu na kumwambia kwamba aliitwa, wakati hakuitwa na mtu. Alikuwa mtoto mwenye maumivu, akanipa shule, kitu chake cha mwisho kunipa. Nikisema kweli, mama atajua mbele za watu kwamba mwanawe angeweza kupona, na kwamba alikufa akimlinda ng'ombe ambaye nyama yake aliipika yeye mwenyewe, akaigawa kwa mikono yake.

Baba mkubwa ananifahamu. Anajua nampenda mama kuliko ninavyomchukia yeye.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nisome kipi? Msinitukanie wazee wangu, nishaurini tu. Shughuli inaanza Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya sala. Saa hiyo naomba mnikumbuke.