Katekisimu ya Kwenye Mibuni

Mimi darasani nilikaa miaka miwili tu, kisha nikaenda kuchuma kahawa kwa mzungu mmoja huko Ruiru. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla sijaolewa. Kanisa letu halikufungisha ndoa ya mtu ambaye hajabatizwa, na hakuna aliyebatizwa kabla ya kujibu maswali ya katekisimu mbele ya mchungaji, Thika. Mama wa mchumba wangu alikuwa amesema mwanawe ataoa kanisani ama hataoa. Alisema kwa upole, na huyo mama akiongea kwa upole ujue amemaliza.

Kitabu kilikuwa kimoja na wanawake tuliotaka kubatizwa tulikuwa sita. Mimi ndiye nilijua kusoma, basi nikawa mwalimu. Tulijifunza majibu tu, bila maswali, tukichuma. Mbuni wa kwanza kwenye mstari, jibu la kwanza. Mbuni wa pili, jibu la pili. Ukimaliza mstari, unaanza tena. Nyapara alifikiri tunaimba, akatuacha.

Kati yetu kulikuwa na mjane mzee, tulimwita cucu, yaani nyanya. Hakuna kitu kilikaa kichwani mwake. Alituchanganyia majibu, na mimi nikamwambia aende achume mstari wa mwisho, peke yake. Akachukua debe lake akaenda.

Siku ya maswali mchungaji alikuwa na mazishi ya kwenda, kwa hivyo akaruka mawili ya kwanza. Mimi nilitangulia.

"Mwenye dhambi ni nani?"

Sikuwa na njia ya kuingilia katikati ya mstari. Nikaanza na jibu la mbuni wa kwanza. "Ni Mungu, muumba wa mbingu na nchi."

Mzee wa kanisa aliyekaa kando yake akakohoa.

"Ni nani alikufa kwa ajili yako?"

"Ili nimtumikie siku zote."

Wanne walionifuata walijibu hivyo hivyo, kwa maana mwalimu alikuwa mmoja. Tukaambiwa turudi baada ya mwezi. Arusi yangu ilikuwa imebakisha wiki sita.

Akabaki cucu. Akaulizwa mwenye dhambi ni nani.

"Mwaka wa njaa jirani alikuja kuomba maji, mtoto mgongoni," akasema. "Nilikuwa nayo. Nikamwambia hakuna. Ni mimi."

Mchungaji akaweka kalamu chini, akamuuliza amefundishwa na nani. Cucu akasema kitabu kimemshinda, hiyo alipewa na Mungu akichuma kahawa, na hajui kwa nini alipewa yeye. Akapita. Mchungaji akachelewa mazishi.

Mimi nilikasirika siku nne. Ya tano nikamfuata cucu kwenye mstari wake.

"Cucu, nifundishe ile uliyomwambia mchungaji."

"Ile ni dhambi yangu. Tafuta yako."

"Basi nifundishe kuelewa."

"Siwezi. Muombe mwenyewe. Na usimame vizuri, unaniangushia kahawa."

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Nikaomba kila asubuhi kabla ya kazi, na kila asubuhi sikupata kitu. Nilimwambia Mungu tarehe ya arusi, labda hakuwa anaijua.

Wiki ya tatu niliinua macho, sikuwa hata naomba, nikamwona cucu mbali kule, anachuma peke yake. Nilikuwa nimemwona hivyo kila siku. Siku hiyo nilijua ni nani alimweka pale, na kwamba nilitumia maneno ya Mungu kumfukuza. Hakuna aliyeniambia. Nilikaa chini kwenye majani mpaka nyapara akaniuliza kama ninaumwa. Kisha nikamwendea cucu nikamwomba msamaha. Akasema alikuwa anangojea.

Nikarudi Thika. Mchungaji akauliza lile swali.

"Ni mimi," nikasema.

Akaniangalia. Akasema hilo ndilo jibu la kitabuni, je, nimelikariri?

"Nililikariri zamani. Kulielewa nilipewa juzi."

Akaniuliza ni nani alikufa kwa ajili yangu. Nikasema ni Bwana Yesu, lakini hilo nisimdanganye, bado sijapewa kulielewa lote.

"Hata mimi," akasema, akaandika jina langu.