Gunia la Omena Kwenye Kiti cha Nyuma

Admin, nifichie jina, na usitaje kijiji chetu, sema tu ni huku upande wa Bondo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo mkiona nimekosea kuandika mnivumilie. Tangu Mzee wangu aende sijapata usingizi wa maana. Watu wanasema ni huzuni ya ujane. Si huzuni peke yake.

Mke wa kifungua mimba wangu nitamwita Atieno, si jina lake. Ni mwalimu. Mwanangu anafanya kazi Nairobi, kwa hivyo Atieno na watoto wake wawili tulikuwa tunakaa nao hapa nyumbani. Akajinyima mpaka akanunua gari, hizi ndogo zilizoinuka kidogo, zinatumia petroli na betri pamoja, wanaita haibridi. Gari yenyewe ikiwaka husikii. Hata kuku walikuwa wanashtuka imeshafika. Mzee wangu, aliyeendesha lori za miwa maisha yake yote, alikuwa anaizunguka akicheka, "Hii ni gari ama ni paka?"

Ilitubeba vizuri. Kanisani, kliniki, matangani. Petroli ilikuwa inakaa mpaka unasahau iliwekwa lini. Kitu kimoja tu Atieno alinionya. Kando ya kiti cha nyuma, karibu na mlango, kuna kidirisha kidogo kama chujio. Akaniambia, "Mama, tafadhali, hapa tusiwekee mzigo wala nguo. Betri iko chini ya kiti, na hapa ndipo inapumulia."

Nikamwambia sawa, nyathina, mtoto wangu. Lakini moyoni nikasema, huyu anaringa. Hataki harufu ya samaki kwa gari yake, anaogopa tu kunieleza wazi. Maana mimi ni mama wa omena, hizi dagaa za ziwani. Nanunua kule ufuo wa Usenge, nauza soko la Kibuye, Kisumu, na hizo omena ndizo zilimsomesha bwana yake.

Shule zikafungwa, Atieno akaenda semina wiki mbili, akaacha funguo na Mzee. Mimi ndiye nilianza. Nikamwambia Mzee, twende Usenge na hiyo gari, tupeleke mzigo Kibuye mara moja tu. Buti ikajaa, gunia moja likabaki. Nikaliweka kiti cha nyuma, nikaliegemeza pale pale kwa kidirisha kwa sababu lilikaa vizuri bila kuanguka. Nikamkumbusha Mzee maneno ya Atieno. Akacheka mpaka akakohoa. "Gari ipumulie kwa kiti? Mama watoto, gari inapumulia mbele, kwa rejeta. Huyo mwalimu wako anakufundisha nini?"

Tulienda safari nne. Tulikuwa kama vijana wameiba embe. Tukirudi ananunua soda, tunakunywa ndani ya gari, halafu tunaosha viti na sabuni. "Usimwambie Atieno," ananiambia, na mimi nacheka.

Miezi miwili baadaye, mchana, Mzee akashikwa na kifua. Hospitali ya Bondo wakasema tumkimbize Kisumu. Atieno akaendesha, mimi nikakaa nyuma, kichwa cha Mzee mapajani. Tulikuwa tumekaribia Kisian taa nyekundu zikawaka pale mbele kwa usukani. Gari ikalegea kama mtu amechoka. Ikasimama. Atieno akabonyeza, akabonyeza, akalia, akatoka bila viatu akisimamisha magari barabarani.

Tukabaki wawili. Mzee akageuza macho, akaangalia kile kidirisha. Akanishika mkono. "Mwambie Atieno," akasema. Pumzi ikaisha hapo. Pikapu aliyoisimamisha Atieno ilipotubeba nilikuwa tayari najua ameenda. Watoto waliponiuliza baba alisema nini mwisho, niliwaambia aliwasalimia.

Matangani dada ya Mzee alisimama mbele ya watu akasema gari ya kujionyesha imemuua ndugu yake. Mwanangu naye akamwambia mke wake, "Nilikuambia ununue gari ya kawaida ukakataa. Sasa umefurahi?"  Mazishi yalipoisha Atieno akachukua watoto akarudi kwao.

Fundi alikuja kuifungua gari hapa uani. Nilikuwa nampelekea chai. Akatoa kifeni cha kupoza betri kutoka chini ya kiti, kimeziba kabisa, vumbi, na magamba, na omena nzima nzima zimekauka. Akacheka, "Mama, kumbe betri pia inakula omena! Nani alibeba samaki hapa?" Nikasema sijui. Akaniangalia, kicheko kikaisha. Nikamsihi asiseme. Mwanangu aliambiwa betri ilikuwa imezeeka.

Ile gari bado iko hapa, imefunikwa na turubai. Nikifagia karibu nayo nasikia harufu ya omena, na mjukuu wangu mwingine ananiambia, "Dani, hakuna harufu." Soko nimeacha. Siwezi kushika gunia.

Jumamosi hii wazee wanakaa kuamua kama Atieno atarudi ama aende kabisa. Nitaulizwa. Nikisema ukweli, watoto wangu watajua ni mimi niliyemchelewesha baba yao, na nitamchafua Mzee kaburini. Nikinyamaza, mtoto wa watu anabeba kifo ambacho si chake.

Na huyo Atieno, kila Jumapili ananipigia. "Mama, umekunywa dawa ya presha?" Hajawahi kunilaumu hata neno moja. Jumapili iliyopita nikashindwa, nikamuuliza, "Nyathina, kuna kitu unataka kuniuliza?"  Akasema polepole, "Ukiwa tayari, Mama."

Wanangu mnaosoma hapa, Jumamosi si mbali. Nimtafute kwanza nimwambie tukiwa wawili, ama nisimame mbele ya wazee wote wasikie? Niambieni nianzie wapi, maana mdomo wangu ukifunguka, sauti ninayosikia ni ya Mzee, mara "Usimwambie," mara "Mwambie."