Magome ya Nyuma ya Nyumba ya Dada

Dada yangu aliolewa Kisarawe. Nyuma ya nyumba yake, unapoanzia msitu, kulikuwa na mti ambao waganga wa huko huutumia kwa vidonda visivyopona, nasi wa maabara tulikuwa tukiubandua magome. Nilikuwa msaidizi wa maabara Dar es Salaam, nikipanda basi kila asubuhi kutoka nyumbani kwa mama, Visiga. Tuliyakausha magome, tukayasaga, tukayaloweka kwenye spiriti, kisha dawa ile ikapelekwa ng'ambo kupimwa kama ina nguvu dhidi ya kansa.

Majibu yalipokuja, mkuu wetu alitusomea kwa sauti: ndani ya chupa, chembe za kansa zilikufa. Nilikwenda mwenyewe kumwambia dada. Akapiga vigelegele jikoni. "Kumbe mti wangu!"

Mwaka uliofuata nilipomtembelea, tukitoka kupalilia shamba la kijiji chao, aliniita chumbani akafungua kanga. Titi la kushoto lilikuwa gumu, ngozi yake imekuwa kama ganda la chungwa. Alikuwa amelificha. Nilipompeleka hospitali, daktari aliniita pembeni akasema ugonjwa umeshasambaa. Wakampa vidonge vya maumivu. Nikamleta Visiga nimuuguze.

"Mdogo wangu," akaniambia, "si mlisema ule mti unaua kansa? Nichemshie."

"Ilikuwa kwenye chupa, dada. Panya tuliowapa walikufa."

"Walikufa kwa kansa au kwa dawa?"

"Kwa dawa."

"Mimi si panya."

Nilimwendea mkuu wetu. Hakunigombeza. Alisema sumu na dawa bado vimeshikana humo, na kemikali za kuvitenganisha tuliziagiza zamani, ila nchi haina fedha za kigeni. "Ningekuwa na cha kukupa, ningekupa," alisema.

Mama hakuelewa. Kila niliporudi kutoka kazini alitazama kwanza mikono yangu. Mara nyingine nilikuwa na sukari niliyoipangia foleni. Mara nyingi sikuwa na kitu. Baadaye dada aliacha kuomba, nikaona afadhali angeendelea. Nilimgeuza, nikamsafisha kidonda, nikampepea. Sikuwa na jingine la kumfanyia.

Alifariki masika hayajaisha. Baada ya kuzika, mumewe alinivuta kando.

"Shemeji, kama angekunywa?"

"Sijui."

"Hata ninyi hamjui?"

"Hata sisi."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kupokea mikono ya waliokuja kumpa pole.

Kemikali zilifika muda mrefu baadaye, na magome ya zamani yalikuwa yameota ukungu. Nikatumwa Kisarawe kuchukua mengine. Shemeji alinikaribisha chai, akaniuliza hali ya mama, kisha akatoa ngazi uani, akaiegemeza kwenye ule mti akanishikia, nikapanda.