Watu wa Ndani ya Santuri

Niliondoka Mokambo kwenda Elisabethville kumchukua mdogo wetu Odile na kumrudisha nyumbani. Nilirudi bila yeye, na watu wengi hapa wameniuliza sababu. Ndiyo maana nasimulia safari yote, kituo kwa kituo.

Sisi tumezaliwa watatu: mimi Filomena, kisha Gaspard, kisha Odile. Baba alitangulia kufa, na mama akamfuata wakati Odile bado anabebwa mgongoni. Nilitoka shuleni nikakaa kwenye cherehani ya mama, na kwa cherehani hiyo wadogo zangu walikula na kusoma. Gaspard alipokua alipata kazi mjini, katika duka linalouza redio na gramafoni. Yeye hutengeneza zilizoharibika. Alipopewa nyumba katika mtaa wa Kamalondo, nilimruhusu Odile aende kukaa naye asome kwa masista. Wiki za kwanza baada ya hapo nilikuwa bado napika ugali wa watu wawili.

Basi siku moja Mama Kapinga, anayepeleka samaki wakavu mjini, alikuja kwangu. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mama Filomena, minakuya kukuambia mbele bengine bakuambie. Ndugu yako anafungula bar mu nyumba."

"Bar? Gaspard? Hata pombe hanywi."

"Ye hanywi, anauzisha! Dimanche, kisha misa, minapita pale kwake. Mulango inafungwa, dirisha inafungwa. Lakini minasikia bilauri, bantu banacheka, banapiga mikono, mumoja anakohoa. Bantu mingi, mama! Na ule mutoto mwanamuke eko ndani."

Ninyi mnaojua maisha ya mjini hamhitaji kuelezwa. Kuuza pombe nyumbani bila ruhusa ni kosa. Shefu wa mtaa akisikia, anachukua ufunguo wa nyumba, na mtu anarudishwa alikotoka. Tena masista hawatampokea darasani msichana anayelala katika nyumba ya walevi. Kazi yangu yote ingeharibika, na Odile angerudi kushona vifungo pamoja nami.

Alfajiri, kituoni Mokambo. Karani wa ruhusa za safari alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mwanamke peke yako, unaenda mjini kufanya nini?"

"Kuchukua mtoto."

"Wa nani?"

"Wangu. Mama yetu mmoja."

Akagonga muhuri bila kuuliza zaidi. Treni ilikuja imejaa, lakini nilipata nafasi kwenye ubao karibu na dirisha, kando ya mama mmoja Mubemba aliyekuwa na kapu la karanga za kuchemsha.

Njiani ni msitu na vichuguu, vichuguu na msitu. Vichuguu vya huko ni virefu kama nyumba, na juu ya vingine miti imeota. Moshi wa treni uliingia ndani, tukafunga dirisha. Joto likatushinda, tukafungua. Moshi ukaingia tena. Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Sikuona mengi zaidi, maana kichwani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Gaspard. Nilianza na maneno makali, nikaona hayatoshi, nikatafuta mengine. Yule mama wa karanga alinitazama muda mrefu, mwisho akasema:

"Mama, unasema na nani? Kama iko bwana yako, kula kwanza karanga. Kugombana na njala haiko muzuri."

"Si bwana. Ni ndugu yangu."

"Aa! Basi kula mingi."

Kituo cha Tshinsenda treni ilisimama muda mrefu. Wanawake walipita chini ya madirisha na mabeseni ya uyoga. Siku nyingine ningenunua. Siku ile niliona tu kwamba treni haiendi.

Jua lilipoanza kuinama tuliona bomba refu la kiwanda cha shaba na ule mlima mweusi wa takataka za madini, na kila mtu akasimama kutafuta mzigo wake. Ilikuwa Jumapili, siku ile ile aliyoitaja Mama Kapinga. Kutoka kituoni nilitembea hadi Kamalondo nikipishana na watu waliovaa vizuri: wanaume wenye kofia, wanawake wenye vitambaa vipya, na mimi nina masizi usoni. Sikusimama hata kunawa.

Nilipofika kwa Gaspard, mlango ulikuwa umefungwa, dirisha pia. Nikatega sikio. Mama Kapinga hakusema uongo. Bilauri ziligongana. Mtu alicheka, cheko la mwanamume aliyeshiba. Kinanda kikalia, ngoma ikafuata polepole, kisha watu wakapiga makofi, wengi kweli, chumba kizima. Nikajiuliza wameingiaje wote katika nyumba ya vyumba viwili. Nikasukuma mlango kwa bega.

"Mutoke bote! Mama wa hii nyumba anafika!"

Odile alikuwa mezani, anapiga pasi sare yake ya shule. Gaspard alikuwa amechuchumaa na bisibisi mkononi. Hapakuwa na mtu mwingine. Na makofi yalikuwa bado yanaendelea.

"Yaya!" alisema Odile; ndivyo wanavyoniita, dada yao mkubwa. "Batoke benani?"

Niliangalia nyuma ya pazia. Niliangalia chini ya kitanda. Gaspard alikuwa ameelewa tayari, maana alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi.

"Yaya, bale bantu hawako huku. Beko mu disque."

Akanionyesha. Juu ya sanduku kulikuwa na gramafoni ya umeme ya dukani, aliyoruhusiwa kuijaribu nyumbani baada ya kuitengeneza, na juu yake santuri kubwa nyeusi ikizunguka polepole. Ilifika dukani imekwaruzwa ukingoni; haikuweza kuuzwa, patron wake, mwenye duka, akampa. Ilikuwa ya Wamarekani weusi watatu: mmoja anapiga piano, mmoja zeze kubwa linalosimama chini kama mtu, na mmoja ngoma, nyingine akizipapasa kwa fagio ndogo za waya. Hawakupigia katika chumba cha peke yao kama wanavyofanya wengine. Walipiga mbele ya watu, mahali pa kunywea, na mashine ya kunasa sauti ikachukua kila kitu, watu na bilauri zao pamoja.

Nilikaa kitini nikajifuta masizi usoni. Odile aliniletea maji. Mtu mmoja ndani ya santuri akakohoa, na Odile, bila kugeuza kichwa, akasema, "Pole, baba."

"Unasema na nani?"

"Na ule wa kikohozi. Anakohoaka kila mara pale pale, Yaya. Iko na kifua mubaya."

Jioni, baada ya kula bukari, ugali wa huku, na mboga za muhogo, Gaspard aliacha kucheka. Alisema shefu wa mtaa alikwisha kuletewa maneno. Angekuja mwenyewe kesho yake kukagua.

"Mwambie ni santuri."

"Minatuma neno, haamini. Anasema disque haina bantu banaokunywa. Ye iko na gramafoni kwake, anajua disque."

Ikawa hofu yangu imeondoka mlango mmoja ikaingia kwa mwingine. Nilimwambia airudishe dukani kabla ya shefu kufika. Alijibu kwamba akiificha, shefu hatakuta bar wala santuri, na maneno ya watu yatabaki vilevile. Nilijua anasema kweli. Hata hivyo nilikunja nguo za Odile na kuziweka tayari. Yeye alinitazama nikizikunja.

"Sikiliza basi upande wa pili," Gaspard aliniambia. "Usiku haujaingia bado."

Nikasikiliza, kwanza kwa hasira. Ule upande unaanza kwa kelele: watu wanaongea, hawajali. Mpiga piano anaanza wimbo mwororo, anagusa mahali pabaya, anaacha. Anacheka. Watu wanacheka naye. Anaanza tena, na safari hii wanaanza kunyamaza, meza moja baada ya nyingine, mpaka unasikia vidole vya yule wa zeze vikiteleza kwenye uzi, na mpiga piano mwenyewe akiguna chini chini kama mtu anayebeba mzigo. Hakuna anayeimba neno. Mimi ni fundi wa nguo. Mshono ulioharibika naufumua, mteja haujui kamwe. Hawa waliuacha mshono wao wazi, na nguo ikapendeza zaidi.

"Disque zingine ziko kama photo ya studio," alisema Gaspard. "Kila mutu anasimama kama muti, hapumue. Hii banabapiga photo bakiwa banakula."

Nikamuuliza kwa nini hufunga mlango. Alijibu kwamba mlango ukiwa wazi, kelele za barabara zinachanganyika na za ndani, naye hapendi kupoteza hata mtu mmoja. Baada ya kifo cha mama, alisema, nyumba yetu Mokambo ilikuwa kimya mno. Watu walipita wakisalimia kwa mbali. Hapa anapenda kupika kukiwa na sauti za watu.

Jumatatu, baada ya kazi, shefu alifika na polisi mmoja. Alikuwa mtu mzito, mwenye miwani, na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alikataa kuingia.

"Mufunge mulango. Mufanye vile munafanyaka. Mimi na polisi tutasikilia huku inje."

Tukafunga. Gaspard aliweka santuri kwa haraka hata sindano ikaruka. Bilauri zikagongana, makofi yakapigwa, yule mtu akacheka cheko lake la shibe. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, na shefu akaingia kama nilivyoingia mimi. Polisi alienda nyuma ya pazia, akapiga magoti akaangalia chini ya kitanda. Alirudi na viatu vya Odile.

"Hakuna, shefu."

"Bilauri?"

"Kikombe kimoja. Cha chai."

Shefu aliizunguka gramafoni. Hakuridhika. Alimtazama Gaspard, akanitazama mimi, akainama sikio lake karibu na mashine huku piano ikilia polepole. Nilikuwa nimesimama mbele ya nguo zilizokunjwa ili asizione. Ndipo yule mtu wa ndani akakohoa, kikohozi kile kirefu.

"Pole, baba," alisema shefu.

Alisema kama tunavyosema sote, mdomo ukitangulia. Kisha akanyooka, akatambua aliyempa pole. Polisi alijaribu kukaza uso, viatu bado mkononi, akashindwa. Odile alikuwa ameficha uso kwenye sare yake. Mwisho shefu mwenyewe alivua miwani akaifuta, mabega yakimcheza.

"Huyu mugonjwa anakaa wapi?" aliuliza.

"Amerika, shefu," alisema Gaspard.

"Basi haiko mu mutaa yangu." Akavuta kiti. "Mutoto, fungula na dirisha, bantu baone hakuna kitu. Na kuanzia leo mulango na dirisha ibakie wazi. Sasa urudishe kule mwanzo. Munanikatizia."

Alisikiliza upande wote, akataka na wa pili. Majirani walisimama uani, wengine na masufuria mikononi, na wimbo ule wa kukosea ulipokwisha, walipiga makofi pamoja na wale wa ndani; sikuweza tena kutofautisha.

Jumanne asubuhi nilizikunjua nguo za Odile na kuzirudisha mahali pake. Kituoni Gaspard alinibebea kapu. Odile alikuwa amekwenda shule. Niliagana naye mlangoni, amevaa sare yake, na hakulia.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilidhani kulea ni kuwaweka wadogo zangu mahali ninapowaona. Gaspard alikuwa amejitafutia, yeye na Odile, watu wa kukaa nao, kwa njia ambayo nisingeibuni, na Odile alikuwa amejifunza kumpa pole mtu asiyemwona. Nyumba ile ni nzuri. Mtoto abaki pale.

Habari za njia ya kurudi siwezi kuwasimulia. Nilikaa, nikaegemea dirisha, treni ikatoka, na nikalala mchana kweupe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mama alipotuacha. Mkaguzi wa tiketi ndiye aliyenigusa bega.

"Mama, amuka. Mokambo inafika."