Mkunga wa Chama cha Pili

Nilipoolewa Kariakoo, miaka ile baada ya vita vya Mjerumani, nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi. Mama mkwe aliniambia kwamba zamani palikuwa na minazi tu, kisha Waingereza wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi, na kambi ilipoondoka watu wakajenga. Wazaramo, Wamanyema, Wayao, na Mwarabu wa duka la pembeni, wote walikuwa wageni pale. Wakafanywa ndugu na ngoma za beni, zile za kuiga bendi za jeshi.

Vyama vya ngoma hizo vilikuwa viwili. Wa chama chako ndiye aliyekuuguza, ndiye aliyekuzika. Wa chama cha pili mlisalimiana kwa kichwa, basi. Mama mkwe alikuwa kiongozi wa wanawake wa chama chetu. Mkunga aliyesifika kuliko wote alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, lakini alikuwa wa chama cha pili. Tena ndiye aliyetunga wimbo kwamba pilau ya mama mkwe huliwa na kuku tu. Waliuimba arusini, mtaa mzima ukacheka. Tangu hapo wale wawili hawakusemeshana.

Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinishika asubuhi moja ya masika. Maji yalikuwa yamejaa bonde la Jangwani, njia hazipitiki. Mkunga wa chama chetu alikaa ng'ambo ya bonde; mume wangu alikwenda kumwita, akarudi peke yake, suruali imelowa hadi kiunoni. Wanawake waliokuwa nami walinipapasa tumbo, wakatazamana. Mtoto alitanguliza miguu.

Mama mkwe alisimama mlangoni akiangalia mvua. Kisha akajitanda kanga, akatoka bila kuaga. Mume wangu, aliyemfuata, ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Mama mkwe alimkuta yule mkunga anapepeta mchele barazani. Hakuzungusha maneno.

"Nimekuja kukuomba. Mkwe wangu ananifia."

Mkunga aliweka ungo chini. "Tangu asubuhi nasikia kilio chake," alisema. "Nimekaa hapa nangoja uniite. Mbona umechelewa?"

Alikuwa ameshaichemsha mikasi yake.

Sikumbuki yote. Nakumbuka mikono yake ilikuwa na joto na mafuta ya nazi, na jinsi alivyomwamuru mama mkwe anishike mabega, naye akatii kama mtoto. Nakumbuka ukimya ulionitisha mtoto alipotoka, mkunga akimpulizia usoni, akimsugua mgongo. Halafu kikatoka kilio chembamba, kisha kikubwa. Mama mkwe alikaa chini sakafuni, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Mimi nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi, nikaomba maji, nikacheka bila sababu.

Wanawake wa vyama vyote viwili walileta uji, wengine hata hawakujua wakae upande gani wa chumba. Siku ya arubaini mama mkwe alipika pilau, na sahani ya kwanza alimpelekea mkunga kwa mikono yake. Mkunga alikula, akaomba tena. Wimbo waliendelea kuuimba miaka mingi, maana ulikuwa mtamu, na mama mkwe mwenyewe aliuitikia.