Saini ya Mpokeaji

Tarishi alistaafu miaka minne iliyopita, ila miguu yake haikupewa taarifa. Kila asubuhi bado anavaa suti yake ya kaki, anachomeka kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu, na kutoka. Kwa miaka thelathini na mmoja alibeba barua za ofisi za watu, na anachojivunia ni kimoja tu: hakuna barua aliyoipokea kwa saini yake ikaishia kwake. Mkewe humtania kwamba hata barua ya posa ilikuja na kitabu cha kutia saini. Tarishi hakanushi.

Binti yake wa pili alipoamua kugombea udiwani, Tarishi hakuuliza sera. Aliuliza ofisi iko wapi. Akaambiwa ni kile chumba cha mbele karibu na soko, ambacho zamani kilikuwa mapokezi ya kituo cha polisi. Kituo kilihamia jengo la nyuma, mwenye nyumba akakipangisha chumba bila kung'oa kaunta wala kufuta maandishi juu ya mlango. Wiki haipiti bila mtu kuingia kulalamika kwamba ameibiwa simu. Tarishi humsikiliza mpaka mwisho, humpa pole, humpa kipeperushi cha binti yake, kisha humwelekeza geti la nyuma.

Kipeperushi chenyewe hakina mambo mengi. Kinasema katiba inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani na kusema analoliamini, na kwamba mgombea huyu akichaguliwa hatakubali mikutano ya watu izuiwe kwa visingizio. Tarishi amekigawa nyumba kwa nyumba mpaka anakijua kwa moyo.

Maneno hayo hayakutoka hewani. Mwezi mmoja nyuma, binti alipeleka mwenyewe polisi barua ya taarifa ya mkutano, akaikabidhi, akaondoka bila saini ya mtu yeyote. Siku ya mkutano akaambiwa barua haijaonekana. Akabishana, wakamkamata, akalala mahabusu, na katika purukushani kiatu kimoja kikabaki uwanjani. Asubuhi Tarishi alimpelekea viatu vingine. Nje ya geti walisimama wafuasi wa mpinzani wa binti yake wakicheka, mmoja wao akichechemea kuigiza mtu mwenye kiatu kimoja. Jambo lile lilimkaa Tarishi kooni, na sidhani kama limeshuka mpaka leo.

Basi ikafika Alhamisi. Mabango yote yalikuwa yameshushwa ili ukuta upakwe rangi, na Tarishi alikuwa kaunta ameinamia orodha ya mitaa. Mtu akaweka bahasha mbele yake pamoja na kitabu. Bila kuinua macho Tarishi akaandika tarehe, akaandika saa nane na nusu mchana, akatia saini.

"Asante sana, afande," sauti ya mama ilisema. "Sijawahi kuhudumiwa haraka hivi polisi."

Hapo ndipo alipoinua macho. Alikuwa ni msusi mmoja wa pale sokoni, aliyejitolea kwenye kampeni ya mpinzani, na kabla Tarishi hajafungua kinywa alikwishapanda pikipiki akaenda zake. Bahasha ilikuwa taarifa ya mkutano wa Jumamosi saa kumi jioni. Sheria inataka taarifa iwafikie polisi saa arobaini na nane kabla. Yaani mwisho ni leo, saa kumi.

Mkwe wake, mfamasia aliyekuwa akisimamia kampeni ya mkewe, aliisoma bahasha na uso ukamchanua.

"Baba, weka kwenye droo," alisema taratibu. "Hatujaiba. Wameileta wenyewe."

Nisiwafiche, Tarishi aliiweka. Na alifurahi. Aliwaona wale wachekaji wakifika uwanjani na spika zao na kurudishwa nyumbani, akajisikia mwepesi kama aliyevua viatu vinavyombana. Furaha hiyo ilidumu kama saa moja.

Kisha akafungua kitabu chake, maana barua iliyopokelewa huandikwa. Akajaza tarehe, akajaza imetoka kwa nani. Safu ya mwisho inauliza imepelekwa kwa nani. Kalamu ikasimama. Akaitazama ile droo. Mtu fulani, nyuma ya kaunta kama hii, alivuta droo ya namna hii, naye huenda alifurahi vilevile. Kisha binti wa watu akalala sakafuni. Tarishi aliona aibu, aibu ya kweli, ya kupasha masikio moto.

Saa tisa na dakika arobaini alitoa bahasha na kusimama. Mkwe akamuuliza anakwenda wapi.

"Kazini," alisema.

Polisi wa zamu aliigeuzageuza bahasha, akacheka, akamuuliza mzee tangu lini amehamia upande ule. Tarishi alimsogezea kitabu, akamwonyesha pa kutia saini na pa kuandika saa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Jioni alimweleza binti mwenyewe, asije akasikia kwa mumewe. Binti alisikiliza huku amesimama.

"Baba, wale watu walinicheka nikiwa ndani. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mwanangu. Ndiyo maana nimeipeleka."

Binti alichukua mkoba wake akatoka, na kwa siku kadhaa salamu zake zilipitia kwa mama. Jumamosi uwanja ulijaa. Mpinzani alimchambua binti kwa spika saa mbili nzima, na yule msusi ndiye aliyeongoza nyimbo. Yote yalisikika mpaka sebuleni kwa Tarishi. Mkewe alifunga madirisha, akayafungua tena kwa sababu ya joto, akasema hivi kweli huyu mwanamume ana akili. Tarishi alikunywa chai yake ikiwa imepoa.

Jumatatu binti aliingia ofisini mapema kuliko wote. Mabango yalikuwa yamerudi ukutani. Aliweka bahasha juu ya kaunta, mbele ya baba yake.

"Ya mkutano wetu," alisema. "Usirudi bila saini, Baba."

Tarishi aliisoma anwani mara mbili. Kisha akafungua kitabu, akakigeuza kimwelekee binti, akamwonyesha safu ya imetoka kwa nani, akampa kalamu ya buluu.

"Anza wewe," alimwambia. "Umenikabidhi."