Simu Isiyoonyesha Jina

Mshona mapazia alizunguka maduka ya simu wiki tatu, na kila simu aliyoishika, mume wake aliitafutia kasoro. Hii kubwa kama sinia, utaiweka wapi? Ile inateleza kama sabuni. Nyingine betri yake haitoki, "na kitu kisichofunguka mimi sikiamini," akasema, maana yeye alikuwa fundi wa kufuli, mtaa mzima ukimwita Mzee wa Funguo. Mke akacheka, akairudisha simu mezani. Ukweli ni kwamba naye alizitafutia sababu za kuzikataa, ila hakuwa hodari wa maneno kama mwenzake.

Simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya vitufe, na kioo chake kilikufa siku ilipotumbukia kwenye beseni la kufulia. Ililia tu, mpaka apokee ndipo ajue ni nani. Wateja walishachoka naye. Siku hizi mtu anapiga picha ya sebule yake, anakutumia, na anataka umrudishie picha za vitambaa achague. Wawili wakubwa walikuwa wamehamia kwa mshoni mwingine, na betri nayo ilianza kuvimba. Mwenye macho haambiwi tazama, alijua lazima anunue. Lakini kulikuwa na Ijumaa.

Mtoto wao wa pekee alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Kila Ijumaa saa kumi, akishafika salama, alimbipu mama yake: mlio wa kwanza, wa pili, anakata. Maana yake nimefika, usipoteze salio kunipigia. Miaka miwili iliyopita lori lake lilikutwa mtoni chini ya daraja, mlango wazi, ndani hamna mtu. Walimtafuta siku tisa. Mwili haukuonekana, na msiba usio na kaburi huwezi kuukalia wala kuuondokea. Mama akafunika cherehani kwa shuka, akaacha kula. Mwezi wa nne tangu ajali, Ijumaa saa kumi, simu isiyo na kioo ikalia mara mbili, ikakata.

Alimwambia mume wake peke yake. Mzee akamsogezea sahani. "Basi kula, mama," akasema. "Mtoto akirudi akukute una nguvu."

Akala. Tangu hapo hakuna Ijumaa iliyopita bila kubipu. Ikikaribia saa kumi alisimamisha cherehani, baridi ikampanda mgongoni, na alihisi kuna mtu amesimama mlangoni akinuka dizeli. Hakugeuka, asije akamfukuza. Angeweza kubonyeza kitufe cha kijani ampigie aliyebipu, na mara nyingi kidole kilifika hapo. Aliogopa asipokee mtu, na zaidi aliogopa apokee mtu mwingine.

Ijumaa ya wiki ile ya tatu waliingia duka la pembeni ya barabara. Saa kumi ilipokaribia, mzee akatazama saa yake. "Natoka kidogo, kuna mtu nampelekea ufunguo. Usinunue kitu mpaka nirudi."

Muuzaji, binti mwenye maneno mengi, alikuwa ameshamchagulia. "Hii ndiyo yako, mama. Kamera yake hadi uzi wa kitambaa utauona. Tutie laini yako uijaribu mwenyewe."

Alitaka kukataa, akajikuta ameshaitoa ile kuukuu kwenye pochi. Binti akachomoa laini, akaipachika kwenye simu mpya, ikawaka. "Na majina yako yote yamo kwenye laini, hujapoteza hata moja."

Simu ikalia mkononi. Kwenye kioo, kwa herufi zisizohitaji miwani, iliandikwa Mzee wa Funguo. Ikalia mara ya pili, ikakata.

Kupitia dirisha alimwona mumewe ng'ambo ya barabara, kibarazani pa duka la dawa, amewageuzia mgongo. Mzee alitia simu mfuko wa shati, akajifuta uso kwa kiganja. Hasira zilimpanda mke, kisha zikakosa pa kukaa. Ijumaa zaidi ya themanini, pamoja na ile aliyolazwa yeye mwenyewe kwa shinikizo la damu, mtu huyu hakukosa hata moja.

"Mama, vipi, unajisikia vibaya?"

"Irudishe laini kwenye ile ya zamani." Akamrudishia simu mpya. "Mna simu yenye kamera, lakini isiyoonyesha jina la anayepiga?"

Binti akamkodolea macho. "Hakuna, mama. Hata ya bei ya chini kabisa inaonyesha."

Mzee alipoingia, simu ya vitufe ilikuwa imesharudi kwenye pochi. "Umepata?"

"Sijapata. Zote zina kasoro."

"Si nilikwambia?" akasema, na mabega yake yakashuka.

Walitoka. Walitembea hatua chache, mke akasema, "Mtoto amebipu."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi amefika," akasema mzee, akamshika mkono kumvusha barabara.

Hapo barabarani ndipo mama alipomzika mwanawe. Hakulia, kwa sababu mume wake alikuwa akimtazama.